Kitonga haihitaji njia nne, inahitaji winchi. Nani anabisha?

#1 Mzee wa Mibuyu
Wakuu, salaam.

Kila lori likikata propela kwenye mlima Kitonga, barabara ya Morogoro kwenda Iringa, tunaanza wimbo ule ule wa njia nne. Mimi nabisha. Barabara ile imechongwa ubavuni mwa mlima: mkono mmoja mwamba, mkono mwingine korongo. Kuipasua iwe njia nne ni mabilioni na miaka ya vumbi. Tunachokosa ni kidogo sana: winchi moja ya maana, yenye ubavu wa kuvuta semi iliyojaa mzigo, ikae Mahenge, chini ya mlima, usiku na mchana, na nyingine juu ya mlima. Lori likizima linaburutwa pembeni, watu wanapita, mafundi waendelee na kazi yao huko.

Sasa hivi utingo anadandia gari kwenda Iringa kutafuta spea, na foleni nzima inamsubiri yeye arudi. Barabara ya nchi tatu inamsubiri utingo! Kwa nini hili halifanyiki?

#2 Siti ya Dirishani
Nimewahi siti. Wajuvi njooni.

#3 Suka wa Tunduma
Mleta mada, winchi ikija mimi wa kwanza kushangilia. Ila hapo unatuliza homa, malaria unaiacha.

Angalia malori yanayozima pale. Mengi ni vichwa vilivyomaliza kazi Ulaya vikaja kuanza maisha mapya huku. Unamwambia tajiri senta bolti imechoka, anakwambia utabadilisha ukirudi. Ukirudi, kuna kontena linasubiri bandarini. Unatoka Dar, Chalinze joto, Mikumi joto, bonde lote la Ruaha Mbuyuni ni tanuri, injini imeshachoka kabla hujauona mlima. Unaanza kupanda kwa gia ndogo, maji yanachemka. Ukisimama kupoza, kuondoka tena na mzigo kwenye mwinuko ule ndipo klachi inapoungua au propela inapokatika. Wengi hawazimi wakiwa wanatembea, wanazima wakijaribu kuondoka.

Na hiyo winchi atailipa nani? Mileji, hela ya safari tunayopewa, haina fungu la kuharibikiwa.

#4 Mama Matenga
Ubishi wenu sisi wa Ilula unatukuta na nyanya mkononi. Fuso linatoka jioni ili liwahi soko la Ilala alfajiri. Likikwama mlimani linaingia saa nne asubuhi, madalali wameshapanga bei ya siku. Nyanya za chini ya tenga zimeshatoa maji. Dalali hata hafungui, anatia kidole kwenye upenyo wa tenga, anakinusa, anakata bei. Lori lililoharibika si langu, mzigo uliooza ni wangu. Nimdai nani?

#5 Kijana wa Kimara
Pole mama. Hilo la kunusa kidole nimecheka ila linauma.

#6 Fundi Lami
Mnalaumu malori mabovu, hamuitazami njia yenyewe. Ukiwa unapanda, tazama lami ya upande wako: imebonyea pale tairi zinapopita na katikati imevimba. Tofautisha na upande wa kushuka. Sababu ni mbili. Kwanza uzito. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hayaongezeki sambamba na uzito, yanapanda takribani kwa kipeo cha nne. Ekseli inayotakiwa kubeba tani 10 ukiitwisha 12, umezidisha asilimia 20 tu, lakini barabara inaumia mara mbili. Kwa hesabu hiyo hiyo, ekseli moja ya tani 10 inachosha barabara sawa na ekseli elfu kumi za tani moja moja. Kwa hiyo mwenye Vitz asijione naye anaharibu barabara.

Pili ni mwendo. Lami si jiwe, ikipata joto inalegea. Lori linalotambaa linaikandamiza sehemu moja kwa muda mrefu kuliko linalopita mbio. Joto, uzito na kutambaa vikikutana, lazima ibonyee.

#7 Suka wa Tunduma
#6 umeongea kitaalamu, lakini nikuulize. Kutoka Dar napimwa kwenye mizani ya Vigwaza, napimwa Mikese, napimwa Wenda, Makambako, Uyole, namalizia Mpemba. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016 imeanza kutumika hapa kwetu tangu 2019, tani 56 kwa gari lote na ekseli zisizidi saba. Ukizidisha unashushwa mzigo na unalipa. Sasa huo uzito unaosema unapita wapi? Au tunapimwa kwa ajili ya picha?

#8 Fundi Lami
Mkuu, sheria yenyewe inaachia asilimia 5 kwenye ekseli. Ipeleke kwenye kipeo cha nne uone: ni zaidi ya asilimia 20 ya uchakavu, na ni halali kabisa. Tena wapo wanaonyanyua ekseli wakishaipa mizani kisogo, ili tairi zisilike.

#9 Suka wa Tunduma
Ekseli inanyanyuliwa gari likiwa tupu. Ukinyanyua na mzigo umejiua mwenyewe.

#10 Utingo Mstaafu
Hahaha Suka, usitufungue midomo. Wapo.

#11 Abiria Mvumilivu
Nyote mmekosea na nitawaambia kwa nini. Lori moja likizima linaziba upande mmoja. Upande wa pili upo wazi. Watu wakipokezana, wanapanda kumi, wanashuka kumi, hakuna foleni ya kulala. Foleni inazaliwa na WANAOTANUA. Basi linakuja nyuma, linaona watu wamepanga mstari, linatoka. Nyuma yake mashangingi yamewasha taa, nyuma yake Noah, nyuma yake IT, yale magari ya kutoka bandarini yanayokimbizwa Zambia, na abiria watano ndani. Dakika kumi baadaye njia mbili zote zimejaa wanaopanda, na wanaoshuka wako uso kwa uso nao. Hapo hata hiyo winchi yenu itapita wapi? Itapaa?

#12 Mzee wa Mibuyu
#11 umenibana. Ndiyo maana nikasema moja chini, moja juu. Mmoja akizibiwa, mwingine anafika.

#13 Konda wa Zamani
Mabasi mnayasema bure. Abiria ndio wanaopiga kelele "dereva tanua, wenzako wanapita!" Ukikaa kwenye mstari wanakuita mwanamke. Wakifika wameumia, ni yule yule anayerekodi video ya kulaani dereva.

#14 Dada wa Mafinga
Na sisi wanawake tunaoendesha njia hiyo hiyo bila kutanua mnatuita nani? Turudi kwenye mada.

#15 Konda wa Zamani
Samahani dada. Namaanisha kelele za abiria.

#16 Jiwe Barabarani
Niongeze ambalo hakuna aliyeligusa: mawe. Lori likizima mwinukoni utingo anashuka mbio na jiwe la kukingia tairi. Sawa, ni usalama. Likipona wanaondoka, jiwe linabaki katikati ya njia. Mimi nimepasua rimu kwa jiwe la namna hiyo baada tu ya kona, usiku, na mbele kidogo kulikuwa na mengine matatu yamejipanga kama lori lilivyoyaacha. Halafu yale majani. Sheria inataka pembetatu nyekundu ya kuakisi mwanga, sisi tunakata matawi. Mchana nakubali, majani mabichi kwenye lami yanaonekana na kila dereva anajua maana yake. Usiku yanaonekana ukiwa umeshayakanyaga.

#17 Utingo Mstaafu
Pembetatu ukiiweka Kitonga unarudi huikuti. Majani hayaibiwi. Ndiyo siri yake.

#18 Kijana wa Kimara
Nimekubali 🤣🤣

#19 Mwana wa Moro
Mimi kero yangu si Kitonga. Ni vibao vya mwendo wa 50. Kutoka Chalinze hadi Mikumi kila kijiji kina 50, na kibao cha kumaliza 50 unakitafuta kwa tochi, huku trafiki mwenye tochi halisi, ya kupimia mwendo, amekaa chini ya mwembe anakusubiri. Elfu 30 imekwenda. Unatembea 50, nyuma lori linakupigia honi. Unaongeza, unapigwa picha. Kisha uchovu wote huo unataka kuufidia porini. Ajali nyingi zinatokea dereva akishavuka vijiji, anajilipa muda wake.

#20 Dada wa Mafinga
Porini wapi, Mikumi? Mle hifadhini nako kuna kikomo cha mwendo na matuta juu, kilomita 50 za lami katikati ya wanyama. Na kibao cha faini kinataja bei ya mnyama kwa dola. Ukimgonga twiga, gari lako na la jirani hayatoshi.

#21 Mwana wa Moro
Twiga ana bei inayojulikana. Binadamu akigongwa Doma tunaanza kujadiliana na ndugu.

#22 Bonde la Ufa
Habari zenu majirani. Mimi ni wa Nakuru. Hii story yenu inanikumbusha Salgaa, mteremko wetu wa huku Kenya. Kwetu shida haikuwa kupanda, ilikuwa kushuka. Madereva wa trela walikuwa wanatoa gia wateremke hivyo hivyo wakiokoa mafuta, wauze yaliyobaki. Breki zikishika moto, basi. Tulizika watu wengi, ile ya alfajiri ya Desemba 31, 2017 pale Migaa peke yake ilichukua zaidi ya thelathini. Baadaye wakaweka ukuta wa zege katikati ya barabara na kuzuia trela kuchanganyika na magari ya upande ule mwingine. Ajali za kugongana uso kwa uso zilishuka sana. Kwa hivyo huyo anayesema barabara haina neno, namkatalia. Dereva ni yule yule, barabara ilibadilika.

#23 Mzee wa Mibuyu
Karibu jirani. Sijasema barabara haina neno. Nimesema njia nne si jibu la kwanza. Huo ukuta Kitonga ungetuua, lori likizima kwenye njia moja iliyozungushiwa ukuta nani anapita?

#24 Bonde la Ufa
Hiyo umenishika. Kwetu kuna nafasi ya kupanua.

#25 Fundi Breki
Nimesoma kimya, sasa naingia. Kila ajali ya mteremkoni mtaani utasikia "upepo uliisha, breki zikakatika". Breki za upepo za lori hazifanyi kazi hivyo. Zile za nyuma zina springi nzito inayoshikiliwa na upepo. Upepo ukiisha, springi inaachiwa na tairi zinakabwa, gari linasimama lenyewe. Ndiyo maana lori lenye bomba la upepo lililopasuka huwezi kulivuta mpaka ufungue zile springi kwa bolti. Hapo ndipo #1 ukumbuke: nusu ya muda wa winchi utaisha kwenye hiyo kazi.

Kinachoua mteremkoni ni joto. Dereva anashuka kwa gia kubwa huku mguu uko kwenye breki muda wote. Dramu inapata moto, inatanuka, viatu vya breki vinateleza. Unakanyaga, upepo umejaa, geji inasoma vizuri, na gari linaongeza mwendo. Zaidi ya hapo, nimefungua tela nyingi gereji nikakuta breki za tela zimefungwa makusudi ili viatu visiishe haraka. Kichwa peke yake kinashika tani zote. Ukiteremka mlima Iwambi, kule Mbeya, namna hiyo kuelekea Mbalizi, omba.

Wazee walifundisha hivi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Vijana wa siku hizi wana haraka.

#26 Suka wa Tunduma
Fundi Breki nakupa tano. Ila usiishie kwa vijana. Anayeagiza breki za tela zifungwe si kijana, ni mwenye gari. Na sisi tunaokwenda Congo tumepakia, tunateremka Iwambi na mzigo wote. Wanaorudi na shaba wanaiteremka Kitonga na mzigo wote. Kila mmoja ana mlima wake wa kufia.

#27 Mbeya Kwetu
Msitaje Iwambi kirahisi jamani. Juni 2025 tulizika. Lori lilikosa breki likashuka na magari ya abiria mpaka mtoni. Watu wanasema njia nne inayojengwa Uyole hadi Ifisi itamaliza tatizo. Mimi naogopa itawapa mwendo zaidi. Mteremko utabaki mteremko. Kwa nini hatuchimbi zile njia za pembeni zenye kokoto nyingi, lori lililokosa breki likimbilie humo lizame? Si teknolojia ya mwezini.

#28 Fundi Lami
Zinahitaji nafasi na mwinuko upande sahihi, na ziwe wazi saa zote. Kwetu baada ya mwezi mmoja utakuta kibanda cha chipsi ndani yake, na kokoto zimejengea choo.

#29 Mbeya Kwetu
Hata hilo si sababu ya kutojenga.

#30 Reli Kwanza
Mnazunguka mbuyu. Mzigo wa tani 30 kwenda Lubumbashi unafanya nini kwenye lami? Reli ya TAZARA imelala hapo pembeni, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilikamilika 1975 kwa kazi hiyo hiyo. Abiria wa Moro na Dodoma walipopata SGR, ile reli mpya, 2024 mabasi yamebaki yanasinzia stendi. Peleka mzigo relini, Kitonga itabaki ya nyanya za Mama Matenga. Matenki ya mafuta ya Zambia nayo yangepita huko.

#31 Suka wa Tunduma
Rekebisho dogo: dizeli ya Zambia siku hizi inapita kwenye bomba la TAZAMA, walilibadilisha 2023 kutoka mafuta ghafi. Matenki unayopishana nayo mengi ni petroli na ya Congo. Na reli haifiki kwenye ghala la mteja. Itashushwa Kapiri, itapakiwa kwenye lori vile vile.

#32 Reli Kwanza
Itapakiwa lori upande wa pili wa mpaka. Kitonga haipo Zambia.

#33 Utingo Mstaafu
Hapo Suka umepigwa chenga.

#34 Suka wa Tunduma
Nimepigwa, ila watoto wangu wanakula kwa hilo lori. Reli ikibeba kila kitu mtanipa kazi ya kukata tiketi?

#35 Mama Matenga
Kwenye matenki hapo. Likianguka tenki watu wanakimbilia na madumu. Baada ya lile tenki la Msamvu, Morogoro, 2019, zaidi ya watu mia waliokufa kwa moto, nilidhani tumejifunza. Mwezi uliopita lori lilipinduka karibu na kwetu, nimewaona watoto na ndoo. Nimewafukuza kwa fimbo mpaka sauti ikakauka.

#36 Kijana wa Kimara
Umefanya vema mama.

Mimi nina swali la usiku. Mabasi yaliporuhusiwa kutembea saa 24 Oktoba 2023, nyie wa njia hii mmeona nafuu au balaa? Kwa sababu zamani yote yalitoka Dar saa 12 asubuhi, yakawa yanafukuzana kama mashindano.

#37 Konda wa Zamani
Nafuu. Kufukuzana kumepungua, kila mtu ana saa yake. Joto hakuna, tairi hazipasuki ovyo.

#38 Jiwe Barabarani
Balaa. Rejea #16. Lori bovu lisilo na taa ya nyuma, limezima kwenye kona, majani mawili. Dereva wa basi amechoka, saa tisa usiku. Mchana angeliona.

#39 Mnyalu Mtata
Mchana ule ule aliopasuka nao tairi kwa mujibu wa #37. Chagueni kifo.

#40 Mzee wa Mibuyu
Narudi kwa swali la nani alipe. Kila lita ya mafuta tunakatwa tozo ya barabara, na 2021 waliongeza shilingi 100 nyingine. Winchi mbili haziwezi kutoka humo? Halafu mwenye lori atozwe baadaye, ankara ikamkute Tunduma au bandarini. Dereva asiguswe.

#41 Fundi Lami
Ile 100 ilisemwa ni ya barabara za vijijini na mijini, upande wa TARURA. Kitonga ni barabara kuu, ya TANROADS. Mfuko mmoja, mikono tofauti.

#42 Suka wa Tunduma
Mwenye lori akijua ankara inamsubiri atamwambia dereva aikimbie winchi. Tutalala na gari bovu tukidai ni zima, "napoza tu".

#43 Abiria Mvumilivu
Na hapo hapo wenye kutanua wanapita kushoto.

#44 Mgeni Njiani
Wakuu samahani kuingilia, natoka Moro kesho kwenda Mbeya na Passo, familia ndani. Nipite Kitonga au nizungukie Dodoma na Mtera?

#45 Dada wa Mafinga
Kwa Mtera lami ni nzuri na malori machache, ila utakula zaidi ya kilomita 500 kufika Iringa badala ya 300 na kitu. Na huko nako kuna mlima Nyang'oro, usidhani umeikwepa milima. Mimi ningepita Kitonga asubuhi na mapema. Maji, mikate, tairi ya akiba iliyojaa upepo. Usitanue.

#46 Mnyalu Mtata
Passo na familia Kitonga? Zima kiyoyozi, watoto waimbe mapambio.

#47 Mgeni Njiani
Asanteni. Kuna mtu yupo pale sasa hivi? Hali ikoje?

#48 Utingo Mstaafu
Mdogo wangu yupo. Wanaoshuka wanapita. Wanaopanda wamesimama, kuna Fuso la vitunguu limelala ubavu kwenye mtaro kona ya juu.

#49 Mama Matenga
Dereva mzima?

#50 Utingo Mstaafu
Mzima kabisa. Ameshaanza kuuzia foleni vitunguu kwa sado, na bei amepandisha.